Kalinzi na karatasi: nani analinda udongo wetu?



Katika mikutano ya utamaduni hapa kwetu Kivu ya Kusini, mzee akisimama kusema juu ya kalinzi, watu wote wananyamaza. Anaeleza namna babu yake alivyopeleka ng'ombe kwa mwami, namna alivyoonyeshwa kilima, namna mipaka ilivyopandwa miti mbele ya majirani. Akimaliza, tunapiga makofi. Siku nyingine, mjini Bukavu, ndani ya chumba cha semina, mtaalamu anasimama kusema juu ya «utawala wa ardhi ulio shirikishi na wa kudumu». Hapo pia watu wananyamaza. Akimaliza, tunapiga makofi vilevile, kisha tunaenda kula.

Tumepiga makofi mara nyingi. Na wakati huohuo mkulima wa Kabare, wa Walungu ao wa Kalehe anaendelea kupoteza shamba lake. Wakati mwingine anapoteza kwa jina la mila, wakati mwingine kwa jina la sheria, na mara nyingi kwa yote mawili pamoja. Ndiyo maana tumeona inafaa, katika kitabu hiki kinachosifu desturi za wazee wetu, kuwe na kurasa chache zinazouliza maswali. Hatuandiki kwa kudharau wazee, wala kwa kudharau wataalamu. Tunataka tu kuweka mambo mawili kwenye mizani, mila ya kalinzi upande mmoja na sheria ya ardhi ya mwaka 1973 upande mwingine, tusome maneno yao polepole, tuone kila moja inamlinda nani na inamwacha nani.

1. Kalinzi ilikuwa kitu gani?

Vijana wengi waliozaliwa mjini wanafikiri kalinzi ilikuwa bei ya shamba. Haikuwa hivyo. Katika Bushi na Buhavu, udongo wote ulihesabiwa kuwa wa mwami. Lakini mwami hakulima vilima vyote. Aliwapa machifu wake, na hao waliwagawia watu. Mtu aliyehitaji mahali pa kujenga na kulima alipeleka kalinzi: mara nyingi ng'ombe, mmoja ao zaidi, kufuatana na ukubwa wa udongo. Baadaye watu walikubaliwa kutoa mbuzi, na mwisho makuta. Aliyetoa kalinzi alipata udongo kwa maisha yake na kwa maisha ya watoto wake. Tena alipata mkubwa. Alikuwa mtu wa chifu yule: alimpelekea zawadi wakati wa mavuno, alisaidia kazi, aliitika akiitwa. Chifu naye alipaswa kumsimamia mtu wake, kusudi jirani asimnyang'anye.

Msemaji wa Kiswahili akisikia neno kalinzi anafikiri mara moja «kulinda». Na kweli, kazi yake ilikuwa kulinda. Haki ya udongo haikusimama peke yake. Ilisimama juu ya urafiki na utii kati ya watu wawili, na jamaa zao zilizofuata.

Kando ya kalinzi kulikuwa na bwasa. Hii ni haki ya muda: msimu mmoja ao mwaka mmoja. Mwenye bwasa alilipa kwa siku za kazi katika shamba la mwenye udongo, ao kwa sehemu ya mavuno, ao kwa kasiksi. Aliweza kupanda maharagwe, mahindi, viazi vitamu. Lakini hakuruhusiwa kupanda mgomba, wala kahawa, wala mti wowote wa kudumu, kwa sababu mti wa kudumu ni kama kusema: «Mimi niko hapa.» Tena, tangu makuta yalipoingia vijijini wakati wa ukoloni, kulitokea bugule, maana yake kununua kabisa. Aliyenunua kwa bugule hakubaki na deni la utii kwa aliyemwuzia.

Maneno matatu, maisha matatu. Zamani mtu akipita kilimani aliweza kusoma mambo haya kwa macho. Migomba mizee imezunguka nyumba: hapo kuna mtu wa kalinzi. Maharagwe peke yake kwenye mteremko, bila mti hata mmoja: pengine ni bwasa. Kilima chenyewe kilikuwa kama daftari, na kila mtoto aliyechunga mbuzi alijua kulisoma.

Na ushahidi? Ushahidi ulikuwa ng'ombe, pamoja na watu waliomwona akipita. Mzee wa kwetu akieleza kalinzi ya jamaa yake, anataja rangi ya ng'ombe, anataja nani alimfunga kamba, nani alikunywa kasiksi siku ile, na mpaka ulianzia kwenye mti gani ukaishia kwenye mto gani. Hayo si mapambo ya hadithi. Hiyo ndiyo hati yake.

2. Tunayosahau tunaposifu

Mpaka hapa wapenzi wa mila wanafurahi. Lakini tuseme wazi: mila hii tunayoisifu ilikuwa na mlango, na si watu wote waliopita mlangoni.

Wa kwanza waliobaki inje ni wanawake. Mwanamke hakutoa kalinzi kwa jina lake. Alilima udongo wa baba yake mpaka siku ya ndoa, kisha alilima udongo wa bwana yake mpaka kifo. Bwana akifa, alibaki kwa sababu ya watoto wake wa kiume. Kama hakuzaa mtoto wa kiume, alibaki kwa huruma ya shemeji, na huruma ya shemeji haina mpaka uliopandwa miti. Bwasa aliweza kuipata. Maana yake alipewa ule udongo usioruhusiwa mgomba. Kwa hiyo yule anayeshika jembe kila asubuhi ndiye mwenye haki fupi kuliko wote. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 imeweka watoto wote, wavulana na wasichana, katika kundi la kwanza la warithi. Kilimani tunajua namna inavyosomwa: haisomwi. Na mara nyingi wanaozuia isisomwe ni sisi ndugu wa kiume, tukisema kwa sauti ya upole kwamba «mila yetu haijui jambo hilo».

Wa pili ni Batwa. Wao walikaa porini, waliwinda, waliokota asali na dawa. Hawakuwa na migomba, basi mbele ya mila ya wakulima walikuwa kama watu wasio na mahali. Wakati mbuga ya Kahuzi-Biega ilipoanzishwa mwaka 1970, kisha ikapanuliwa mwaka 1975 kutoka hektari 60.000 hadi 600.000, Batwa waliondolewa. Serikali haikuwaona kama wenye udongo. Lakini tukumbuke jambo lingine: hata sisi majirani hatukuwaona hivyo. Walipotoka porini tuliwapokea kama vibarua, tukawapa kona ya kujenga kibanda, na kona hiyo tuliweza kuirudisha siku yoyote. Mwezi wa 10 mwaka 2018 jamaa kadhaa zilirudi ndani ya pori kwa nguvu, na damu ilimwagika. Tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2022 sheria ilitoka Kinshasa juu ya kulinda haki zao. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, uliosema kwamba nchi yetu ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega. Haya ni mambo makubwa. Lakini ukimwuliza mama Mtwa leo udongo wake ni upi, uamuzi huo haumwonyeshi kilima.

Jambo la tatu linamhusu chifu mwenyewe. Wanaosema «turudi kwenye kalinzi» wanasahau kwamba kalinzi ilisimama juu ya kitu kimoja: udongo ulikuwa mwingi na watu walikuwa wachache. Chifu mbaya alikimbiwa na watu wake wakaenda kwa chifu mwingine, na chifu bila watu si chifu. Hiyo ndiyo iliyomfundisha kuwa mwema. Ukoloni ulivunja mizani hiyo. Mwaka 1928 lilianzishwa Comité National du Kivu, na sehemu kubwa za udongo mzuri zikapewa wazungu kwa mashamba ya kahawa, chai na kinini. Dekreti ya mwaka 1933 ilimfanya chifu kuwa mkono wa serikali, mwenye mshahara na kazi ya kukusanya kodi. Tangu hapo alijibu zaidi kwa aliye juu yake kuliko kwa walio chini yake. Kisha makuta yalipoongezeka, machifu wengine walifahamu kwamba kilima kikiuzwa kwa mtu mmoja mwenye makuta kinaleta zaidi kuliko kikigawanywa kwa watu kumi wenye mbuzi. Jina la kalinzi liliendelea kutajwa, lakini kilichokuwa ndani ya jina hilo kilikwisha kutoka.

Kwa hiyo mtu akituambia «turudishe mila», tuna haki ya kuuliza: mila ya siku gani? Ya siku mwami alipohitaji watu, ao ya siku mwami alipohitaji makuta?

3. Sheria ya 1973 chini ya macho ya msomaji

Sasa tuchukue upande wa pili wa mizani. Tarehe 7 mwezi wa 6 mwaka 1966 ilitoka ile iitwayo sheria Bakajika, kusudi udongo na utajiri wake urudi mikononi mwa serikali baada ya ukoloni. Halafu tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 ilitoka sheria nambari 73-021, ambayo ndiyo imeongoza mambo ya ardhi kwa miaka mingi sana. Watu wengi wanaitaja, wachache wameisoma. Tuisome kama tunavyosoma methali, neno kwa neno.

Kifungu cha 53 kinasema kwamba udongo ni mali ya serikali peke yake, hauwezi kuhamishwa, wala haupotei kwa sababu ya muda kupita. Basi raia hamiliki udongo, anapewa haki ya kuutumia. Mzee wa Bushi akisikia hivyo hashangai sana, kwa maana zamani pia aliambiwa udongo wote ni wa mwami. Tofauti ni moja: mwami alikuwa na uso. Mtu aliweza kwenda kukaa mlangoni pake mpaka asikilizwe.

Kifungu cha 387 kinasema kwamba ardhi zinazokaliwa na jamii za wenyeji zinakuwa ardhi za serikali. Kifungu cha 388 kinaeleza kwamba ardhi hizo ni zile ambazo jamii zinaishi, zinalima ao zinatumia kwa namna yoyote, mmoja mmoja ao kwa pamoja, kufuatana na desturi. Mpaka hapo mambo ni wazi. Kisha kinakuja kifungu cha 389: haki za kutumia ardhi hizo zitapangwa na amri ya Rais wa Jamhuri.

«Zitapangwa.» Neno hili moja limezaa kesi nyingi kuliko maneno mengine yote ya sheria hii. Mobutu alitoka madarakani mwaka 1997 bila kutia sahihi amri hiyo. Zaidi ya miaka 40 ilipita, na ile ahadi ilikuwa bado ahadi tu. Ni sawa na kumvua mtu koti lake la zamani, kumwambia angoje koti jipya, kisha kumwacha kwenye mvua.

Wakati mkulima anangoja, vifungu vingine havikungoja. Kifungu cha 219 kinasema kwamba haki juu ya ardhi inathibitishwa na hati ya kuandikisha, ile tunayoiita sertifika. Kifungu cha 227 kinaongeza kwamba miaka 2 ikipita, sertifika hiyo haishambuliwi tena. Kabla ya kutoa ardhi ya kijijini, sheria inadai uchunguzi ufanyike ili kujua kama kuna watu wenye haki pale. Ni dawa nzuri, lakini inanyweka ofisini wakati mgonjwa yuko kilimani. Uchunguzi unaandikwa, chifu wa kilima anatia sahihi, wenye kulima hawaambiwi kitu. Miaka 2 inapita. Siku moja watu wanaona mawe ya mpaka ndani ya mihogo yao.

Tulisimama siku moja kwenye kilima cha namna hiyo. Hatutataja jina lake, wala jina la mtu. Mzee mmoja alikuwa akiulizwa maswali na kijana aliyetumwa kupima.

«Baba, hii shamba iko na karatasi?»

«Karatasi yangu ni ile ng'ombe baba yangu alitoaka.»

«Bashahidi wako wapi?»

«Bote bamekufa. Ule wa mwisho tulimuzika mwaka jana.»

Kijana hakuwa mtu mbaya. Aliandika kwenye daftari lake: hakuna hati. Na kwa sheria, alisema kweli.

Sasa tuseme lile lililotufanya tuandike makala hii. Mwenye sertifika ya kilima kile hakuwa mzungu, hakuwa mgeni, hakuwa askari. Alikuwa msomi wa kwetu, mwenye kupenda ngoma za kwetu, mwenye kuchanga makuta kila mara tunapofanya sikukuu ya utamaduni. Alikuwa mmoja wa wale wanaopiga makofi mzee akieleza kalinzi. Tulimwuliza, kwa heshima, kama alijua. Alijibu kwamba alinunua kwa chifu, akalipa kadasta, na kila kitu kiko sawa. Yote mawili ni kweli: alilipa mila na alilipa serikali. Aliyesahauliwa ni mwenye kulima tu.

Ndugu wasomaji, tunapolalamika juu ya unyang'anyi wa udongo, tunapenda kuonyesha kidole mbali. Lakini nani ananunua vilima? Ni nani anayejua njia ya kadasta, anayesoma Kifaransa cha sheria, anayeweza kuketi na konservateri wa hati za ardhi bila kutetemeka? Si mkulima wa Walungu. Ni sisi.

Mahali pengine mambo ya namna hii yalifika mbali zaidi. Katika Masisi mwaka 1993, na katika teritware ya Djugu mwaka 1999, magomvi ambayo ndani yake kulikuwa na udongo na makonsesio yaligeuka kuwa vita vya makabila. Tusidhani kwamba kilima chetu ni kidogo mno kuweza kuwaka.

4. Maneno mawili mazuri

Turudi kwenye semina. «Shirikishi» na «kudumu» ni maneno mazuri, na sisi hatuyakatai. Tunauliza tu yapimwe kama tulivyopima kalinzi.

Shirikishi ni nini? Katika mikutano tuliyohudhuria, mara nyingi ilikuwa na maana ya orodha ya waliokuja. Wamama watatu wamealikwa, wametia sahihi, wamekaa nyuma. Mazungumzo yamekuwa ya Kifaransa, na tafsiri imekuja kwa ufupi: «Wanasema mambo ya mashamba.» Mtwa mmoja amepigwa picha. Kwetu sisi, utawala wa ardhi ni shirikishi siku ile yule atakayeumia anaweza kusema hapana, na hapana yake ikasimamisha kazi. Kama hapana yake inaandikwa tu kwenye ripoti, basi alishiriki kwenye chakula peke yake.

Na kudumu? Hapa tukumbuke mgomba. Mtu wa bwasa hana ruhusa ya kupanda mti. Anajua mwaka ujao pengine atakuwa mahali pengine. Basi anavuta kila kitu anachoweza kutoka kwenye udongo: hachimbi mitaro ya kuzuia maji, haweki mbolea, hapandi majani kwenye mteremko. Si mjinga. Hakuna mtu anayetengeneza nyumba ya kupanga ambayo atafukuzwa kesho. Kwa hiyo udongo usio na mwenye haki ya kudumu hauwezi kutunzwa kwa kudumu. Mwanzoni mwa mwezi wa 5 mwaka 2023, huko Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe, mvua kubwa ilishusha maji na mawe kutoka vilimani, na zaidi ya watu 400 walikufa. Hatusemi kwamba bwasa ndiyo iliyowaua. Mvua ilikuwa kali, na nyumba zilikuwa kando ya mito. Lakini vilima vilivyovuliwa miti havishiki maji, na swali la nani ana haki ya kupanda mti si swali la makabrasha tena. Ni swali la nani atalala salama.

Ni haki kusema kwamba serikali haikulala kabisa. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi, na kifungu cha 207 kinatambua mamlaka ya kimila. Tume ya kitaifa ya mageuzi ya ardhi, iitwayo CONAREF, iliundwa mwaka 2013. Mwezi wa 4 mwaka 2022 baraza la mawaziri lilikubali siasa ya kitaifa ya ardhi. Lakini sheria yoyote itakayotokana na kazi hiyo tutaipima kwa swali moja tu: yule mzee wa kilimani, aliye na ng'ombe badala ya karatasi, amepata koti lake?

5. Magumu yanayokuja

La kwanza, watu wanaongezeka na udongo hauongezeki. Shamba la babu limegawanywa kwa watoto, la watoto kwa wajukuu, mpaka mtu anarithi mistari michache ya mihogo. Kalinzi haikufikiriwa kwa hali hiyo. Sheria ya 1973 nayo pia haikufikiria.

La pili ni vita. Tangu 1996, kisha 1998, mpaka mwanzo wa 2025 wakati Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23, watu wamekimbia na kurudi mara nyingi. Kila safari kuna anayerudi na kukuta mtu mwingine ndani ya shamba lake, na huyo mwingine ana karatasi yenye sahihi ya mamlaka iliyokuwa pale wakati mwenyewe hayupo. Watoto wetu watakuwa na mafungu ya karatasi kwa kilima kimoja.

La tatu ni madini. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inampa mtu mmoja haki ya chini ya udongo wakati mwingine ana haki ya juu. Huko Luhwinja, dhahabu ya Twangiza ilihamisha jamaa kadhaa mpaka Cinjira, kilima cha baridi. Aliyelima bondeni alijua mbegu za bondeni. Fidia haifundishi mtu kulima kilele.

La nne ni karatasi yenyewe. Siku hizi wanasema kwamba kila shamba litaingia kwenye kompyuta. Ni vizuri. Lakini kompyuta inaandika kile inachoambiwa. Kama tutaiambia jina la bwana peke yake, mama atatoka kwenye udongo mara ya pili, na safari hii hakutakuwa na shemeji wa kuombwa huruma. Kama tutaiambia jina la chifu peke yake, wote wa kilima watakuwa wapangaji kwa siku moja.

6. Tuchukue nini, tuache nini?

Kutoka kwenye kalinzi tuchukue hadhara. Hakuna shamba lililotolewa gizani: watu waliona, walikunywa, walitembea mpakani kwa miguu. Tuchukue pia deni la pande mbili: anayetoa udongo anabaki na wajibu kwa aliyepewa. Kutoka kwenye sheria tuchukue maandishi, usawa wa wanawake na wanaume, na njia ya kukata rufaa. Tuache mlango uliofungiwa wanawake na Batwa, na tuache sertifika inayopatikana bila mguu wa mtu kukanyaga kilima.

Tunaomba mambo manne, na hakuna hata moja linalongoja Kinshasa.

Kwanza, kila grupema iwe na daftari la vilima, ambamo kalinzi, bugule na bwasa zinaandikwa mbele ya majirani wa pande zote nne, kwa lugha wanayoifahamu. Kuna mashirika yaliyokwisha kujaribu kuandika haki za kimila mahali fulani katika Kivu ya Kusini. Tuwaulize walivyofanya, na walipokosea.

Pili, jina la mke liandikwe kando ya jina la mume, na wasichana waandikwe kama warithi. Mwami anayetaka kulinda mila aanze na hilo. Mila ilibadilika tulipokubali mbuzi badala ya ng'ombe, na makuta badala ya mbuzi. Haiwezi kushindwa kubadilika kwa ajili ya mama zetu.

Tatu, bwasa iwe ya miaka kadhaa, na mwenye bwasa aruhusiwe kupanda miti, kwa mapatano ya namna ya kugawana. Kilima kitashukuru mbele ya mtu.

Nne, na hili linatuhusu sisi wenyewe. Mwanamemba yeyote wa shirika la utamaduni anayetaka kununua udongo kijijini aende kwanza kukaa pale, aulize nani analima, asikilize rangi ya ng'ombe. Na yule aliyekwisha kununua bila kuuliza, arudi akaulize. Tunajua kwamba neno hili halitapendeza wote. Yule ndugu tuliyemtaja bado hajarudi kilimani. Tunamngoja, na hatutachoka kumkumbusha, kwa maana ni wetu.

Wahenga wa Kiswahili walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu wa Bushi walikuwa na daftari, lakini liliandikwa ndani ya vichwa vya mashahidi, na kila mwaka tunazika ukurasa mmoja. Basi anayesoma makala hii, kama baba yake angali hai, asingoje semina. Jumapili hii apande kilimani na kalamu na daftari la shule, amwambie: «Baba, unionyeshe mipaka.» Na mama aende pamoja nao, kwa sababu ni yeye anayejua mpaka kwa jembe.